Kaizari Aliyewanyima Raia Zake Masanduku ya Kuzikia

Kila msafiri hufunga mzigo wake mwenyewe, isipokuwa msafiri wa kaburini. Huyo hafungi wala hachagui. Hufungiwa na kuchaguliwa na wale aliowaacha nyuma, na ndiyo maana wazee wetu wakasema kuwa maiti haulizwi sanda. Kwa hivyo ukitaka kuwajua watu wa mji wowote, watazame jinsi wanavyozikana. Hapo utajua ni kitu gani wanakipenda, ni kitu gani wanakihofu, na ni nani kati yao amchaye jirani kuliko anavyomcha Mola wake.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji wangu maisha ya mfalme mmoja wa Ulaya aliyekufa zaidi ya miaka 230 iliyopita. Mfalme huyu alikuwa Mkristo, na majeshi yake yalipigana na Waturuki, Waislamu wenzetu, naye mwenyewe akiwa vitani. Juu ya hayo yote, nimeona kisa chake chatuhusu sisi watu wa pwani. Alijaribu kuwalazimisha raia zake wazikane kwa namna inayokaribiana na yetu: maiti atiwe katika kitambaa tu, achukuliwe makaburini ndani ya chombo cha watu wote, kisha chombo kirudi na maiti aachwe na mchanga wake. Alishindwa. Alishindwa kwa muda wa miezi isiyofika sita, naye alikuwa na majeshi, polisi na makarani wasio na idadi. Jina lake ni Joseph wa Pili, Kaizari wa Vienna.

Kabla sijaendelea, yafaa nieleze maneno mawili. Sisi hapa pwani tukisema jeneza, twakusudia kile kitanda cha msikitini kinachofunikwa nguo na kubebwa mabegani, kinachokwenda makaburini na kurudi. Leo hubebwa nacho tajiri, kesho hubebwa nacho hamali. Ndugu zetu wa bara, na vitabu vingi vya siku hizi, hulitumia neno hilo hilo kwa sanduku la mbao linalozikwa pamoja na maiti. Katika makala haya nitaliita la kwanza jeneza na la pili sanduku, tusije tukachanganyikiwa, kwani ugomvi wote nitakaoueleza ulikuwa baina ya vitu hivyo viwili.

Joseph alizaliwa mjini Vienna tarehe 13 Machi 1741. Mamake alikuwa Maria Theresia, mwanamke shujaa aliyetawala Austria, Hungaria, Bohemia na nchi nyingine kadha wa kadha. Babake alikuwa Francis wa Lorraine, aliyechaguliwa kuwa Kaizari mwaka 1745. Kuzaliwa kwa Joseph kulikuwa furaha kubwa, kwa sababu kabla yake walikuwa wamezaliwa mabinti watatu, na ukoo wa Habsburg ulikuwa na kiu ya mtoto mwanamume.

Sasa ukoo huu ulikuwa na mambo makubwa katika mazishi. Chini ya kanisa la watawa Wakapuchini mjini Vienna pana kuba ambamo jamaa za kifalme wamewekwa tangu karne ya 17. Hawakuzikwa mchangani. Masanduku yao ya madini yamepangwa wazi juu ya sakafu, nayo yametiwa nakshi za tai, malaika na mafuvu ya vichwa. Sanduku la Charles wa Sita, babu yake Joseph, lina fuvu lililovishwa taji la Kaizari, ili mtazamaji ajue kuwa mauti hayamwogopi mwenye taji. Maneno mazuri hayo, lakini yameandikwa kwa madini ya thamani, na sidhani kama fundi aliyaona mauti akilini mwake zaidi ya alivyouona ujira.

Kabla ya kufikishwa hapo, maiti wa kifalme alikuwa akipasuliwa. Moyo ulitiwa katika chombo cha fedha na kuwekwa katika kanisa la Augustino. Matumbo yalitiwa katika chombo cha shaba na kupelekwa chini ya kanisa kuu la Mtakatifu Stephen. Mwili uliobakia ndio uliokwenda kwa Wakapuchini. Tena ulikuwa umekwisha kulazwa katika sanduku wazi, umevishwa na kuzungukwa na mishumaa, ili raia wapite na kutazama. Sanduku lilikuwa na kazi mbili basi: kuonyesha na kuhifadhi.

Maria Theresia mwenyewe aliagiza sanduku lake angali hai. Fundi Balthasar Moll alilimaliza mwaka 1754, wakati Joseph alikuwa kijana wa miaka 13. Ni sanduku la bati la watu wawili, mke na mume, kubwa kama kitanda cha maarusi. Juu yake wameumbwa wawili hao wakiinuka na kutazamana kana kwamba wameamshwa siku ya ufufuo, na malaika mwenye baragumu yuko karibu nao. Kijana yule alikua akijua kuwa kitanda cha mwisho cha wazazi wake kimekwisha kutandikwa.

Mauti yalimjia mapema akayazoea. Mwaka 1760 alimwoa Isabella wa Parma, akampenda mapenzi ya kweli. Mwaka 1763 Isabella alishikwa na ndui hali ana mimba. Akajifungua, mtoto akafa, na siku chache baadaye mama naye akamfuata. Januari 1765 Joseph aliozwa Maria Josepha wa Bavaria, ambaye hakumtaka, na mwaka 1767 ndui ikamchukua huyu pia. Agosti 1765 babake alianguka ghafla mjini Innsbruck akafa. Mwezi Januari 1770 akafa binti yake wa pekee aliyebakia, hajatimiza miaka 8. Joseph hakuoa tena. Mtu aliyewazika wake wawili, baba na watoto wawili kabla ya kufika miaka 30 hawezi kuambiwa kwamba hakujua maana ya msiba. Nalitaja hili mapema kwa sababu wako waliomsema baadaye kuwa alikuwa na moyo wa jiwe.

Baada ya kufa babake alikuwa Kaizari kwa jina, lakini nchi aliitawala pamoja na mamake, na mama ndiye aliyeshika usukani. Joseph akajishughulisha na safari. Alipenda kusafiri bila fahari, akijiita Bwana Falkenstein, akalala katika nyumba za wageni za kawaida na kusikiliza mashtaka ya wakulima. Mwaka 1769, huko Moravia, alishika jembe la kukokotwa na farasi akalima shamba la mkulima mmoja, jambo lililozungumzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1777 alikwenda Ufaransa kumwona dada yake, malkia Marie Antoinette. Alichukia mavazi ya dhahabu na kuinamiwa inamiwa.

Maria Theresia alikufa tarehe 29 Novemba 1780, akawekwa katika lile sanduku kubwa kando ya mumewe. Hapo Joseph akabaki peke yake na dola. Alikuwa na miaka 39, na haraka yake ilikuwa kama ya mtu anayejua kuwa jua linakuchwa. Mwaka 1781 aliwapa Waprotestanti na Waorthodoksi ruhusa ya kuabudu, na mwaka uliofuata akawapunguzia Mayahudi wa Vienna vikwazo vyao. Mwaka huo huo wa 1781 aliwafungua wakulima wa Bohemia waliokuwa kama watumwa wa wenye mashamba. Alizifunga mamia ya nyumba za watawa alizoona hazina faida kwa umma. Mwaka 1784 alifungua hospitali kuu ya Vienna, na katika sheria zake za mwaka 1787 aliondoa adhabu ya kifo isipokuwa kwa hukumu za kijeshi. Aliingilia hata idadi ya mishumaa ya kanisani, hata inasemekana Frederick, mfalme wa Prussia, alimdhihaki kwa kumwita mhudumu wa kanisa.

Mfalme wa namna hii hakuweza kuyaacha makaburi. Vienna wakati huo ulikuwa mji wa watu wapatao 200,000, na wafu wake walikuwa wamewabana walio hai. Wenye mali walizikwa ndani ya makanisa, chini ya miguu ya wanaosali. Katika kuba ya kanisa la Mtakatifu Mikaeli masanduku ya wakati ule yapo mpaka leo, zaidi ya 200. Ni ya mbao, yamepakwa rangi na kuchorwa maua, misalaba na mafuvu, na mengine yako wazi, maiti wakaukavu waonekana ndani na nguo zao na viatu vyao. Chini ya kanisa la Mtakatifu Stephen walirundikwa maelfu, na harufu ikapanda mpaka kanisani. Matabibu walisema kuwa hewa ile yaleta maradhi.

Joseph akatoa amri. Makaburi ya ndani ya mji yakafungwa, kuzika chini ya makanisa kukakatazwa, na mwaka 1784 makaburi mapya yakafunguliwa nje ya boma, mojawapo likiwa lile la Mtakatifu Marx. Hadi hapa watu walinung'unika lakini wakatii. Ndipo Agosti 1784 ikaja amri iliyouvunja mgongo wa ngamia. Maiti asivishwe nguo yoyote. Ashonewe uchi ndani ya mfuko wa kitani, atiwe katika sanduku kwa ajili ya kuchukuliwa tu, na akifika kaburini atolewe. Makaburi yawe ya shimo moja la watu wengi, kina chake futi 6 kwa kipimo cha huko. Maiti amwagiwe chokaa ili aoze upesi, kisha afunikwe. Sanduku lirudishwe parokiani kumngojea mwingine.

Ili kazi iende kwa wepesi kulikuwa na sanduku la ubunifu wa peke yake, ambalo mfano wake waonyeshwa leo katika Makumbusho ya Mazishi mjini Vienna. Kwa juu lafanana na sanduku jingine lolote. Tofauti iko chini. Sakafu yake ni milango miwili yenye bawaba, na pembeni pana kipini cha chuma. Sanduku huwekwa juu ya kaburi, kipini kikavutwa, milango ikafunguka kwa chini, na maiti akaanguka shimoni. Milango hufungwa tena, na chombo kikarudi mjini kitupu.

Hoja za Kaizari zilikuwa na mantiki. Mbao zilikuwa ghali, na misitu ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya vitu vya kuozea ardhini. Maskini waliuza vyombo vya nyumba ili wamnunulie marehemu sanduku la heshima. Maiti asiye na sanduku huoza upesi, na ardhi huweza kutumika tena. Mtu aliyesoma chuoni kwetu, akajifunza kukosha maiti na kukata sanda, akizisikia hoja hizi huona kama asikiaye habari za nyumbani. Basi kwa nini watu wa Vienna walikataa?

Nimelifikiri jambo hili, na jawabu nililolipata ni kwamba kitambaa kilifanana na chetu lakini mikono haikuwapo. Kwetu maiti hukoshwa na jamaa zake au watu wanaomjua, na mwosha akijua kuwa naye siku moja ataoshwa. Hutiwa kafuri na manukato, akavikwa sanda kwa utaratibu unaojulikana. Hubebwa mabegani na kila apitaye njiani hutaka kulishika jeneza japo hatua chache. Mwanawe au nduguye hushuka kaburini, akampokea kwa mikono yake, akamlaza ndani ya mwanandani kwa ubavu, akamwelekeza kibla, akapanga viunza ili mchanga usimguse. Kisha kila mmoja hutia mchanga kwa mkono. Umaskini wa kitambaa hauonekani, kwa sababu heshima imekwisha kutolewa na mikono.

Vienna ya Joseph haikuwa hivyo. Jamaa waliagana na maiti wao kanisani, na gari la maiti likaenda makaburini nje ya mji bila wao. Kwa hivyo kuvisha na kuonyesha ndiko kulikokuwa kuagana kwenyewe. Sanduku lililopambwa ndicho kitu cha mwisho ambacho mjane angeweza kumpa mumewe. Kaizari akalichukua hilo, na badala yake akaweka mfuko, kipini cha chuma na chokaa. Mbele ya macho ya watu, kutupwa shimoni uchi bila alama kulikuwa kuzikwa kwa wahalifu. Isitoshe, mawe ya ukumbusho yaliruhusiwa ukutani tu, si juu ya kaburi, na mama hakuweza kujua mwanawe amelala upande gani.

Liko jambo la pili. Amri ile ya mfuko haikuifikia kuba ya Wakapuchini. Masanduku ya bati na shaba yaliendelea kukaa pale pale, na nafasi zikangojea jamaa wa kifalme waliobaki. Mtu aliambiwa ampeleke babake shimoni katika mfuko, na anayemwambia ana mahali pake pa madini pamehifadhiwa kando ya mamake. Naamini kama angalitangulia yeye kuagiza kuwa atakapokufa ashonewe kitani na kuwekwa mchangani, wengi wangalinyamaza.

Manung'uniko yakawa makubwa, mjini na mashambani. Januari 1785 Joseph akarudi nyuma na kuruhusu kila mtu amzike mtu wake kwa sanduku akitaka. Lakini alirudi kwa uchungu. Katika maelezo yake alisema kuwa aliona raia zake wangali wanaithamini miili yao mno, hata wakataka ikawie kuoza, na kwamba yeye hakujali tena wazikwe namna gani. Hapo ndipo niliposikitika kwa ajili yake. Alikuwa na neno la haki mkononi, akalitupa kwa ukali kama mtu aliyekasirika mezani.

Yaliyofuata ni kuporomoka. Mwaka 1788 aliingia vitani na dola ya Uthmaniya kwa kufuata mapatano yake na Urusi, akaenda mwenyewe mpaka karibu na Belgrade. Homa ziliwaua askari wake kwa maelfu, naye akarudi Vienna mgonjwa wa kifua. Majeshi yake yaliitwaa Belgrade Oktoba 1789, lakini kwa mapatano ya mwaka 1791 mji ulirudishwa kwa Waturuki, na damu yote ile ikawa imemwagika bure. Ubelgiji iliyokuwa chini yake iliasi mwaka 1789. Hungaria ilikuwa karibu kuasi, na Januari 1790, akiwa kitandani, alizifuta amri zake nyingi za huko, akabakisha chache tu, miongoni mwazo uhuru wa dini na wa wakulima. Tarehe 18 Februari mke wa mpwa wake, Elisabeth, aliyempenda kama binti, alikufa baada ya kujifungua. Siku mbili baadaye, tarehe 20 Februari 1790, Joseph naye alikufa, umri wake miaka 48.

Aliwekwa kwa Wakapuchini, mbele ya lile sanduku kubwa la wazazi wake. Hapo ndipo msomaji yafaa asimame kidogo. Nyuma ni mlima wa bati uliojaa sanamu, baragumu na mataji. Mbele yake ni sanduku la shaba, tupu, lisilo nakshi ila msalaba na maandishi. Alijinyima alichoweza kujinyima. Inasimuliwa kuwa alitaka iandikwe kaburini kwake kwamba hapo amelala mtawala mwenye nia njema aliyeshindwa katika yote aliyoyakusudia. Lakini sanduku hata likiwa tupu ni sanduku, na mchanga haukumgusa.

Kabla ya kumaliza nataka kusahihisha kosa moja linalorudiwa na wengi. Mozart, yule mtunzi wa muziki, alikufa Vienna tarehe 5 Disemba 1791 akazikwa katika makaburi ya Mtakatifu Marx. Filamu moja mashuhuri ya mwaka 1984 yamwonyesha akitupwa shimoni ndani ya mfuko kutoka katika sanduku lenye mlango. Si hivyo. Wakati huo amri ya mfuko ilikuwa imekwisha kufutwa miaka 6. Mozart alizikwa kwa mazishi ya daraja la tatu, gharama yake florini 8 na kreutzer 56, na florini 3 za gari, kama walivyozikwa wengi wa mji ule. Lakini kaburi lisilo na alama lilikuwa bado ni la taratibu za Joseph, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa yakini mahali alipolala.

Ama watu wa Vienna, katika karne ya 19 walilipa kisasi. Mazishi ya fahari yakawa sifa yao, wakayapa jina lenye maana ya maiti mzuri. Mwaka 1867 ilianzishwa kampuni ya kwanza ya mazishi, yenye magari meusi, farasi wenye manyoya kichwani na masanduku ya kila daraja kwa kila mfuko. Kitu kilichokatazwa kwa amri kilirudi na riba.

Yasije haya yakatutia kiburi sisi. Twasema jeneza letu ni moja na sanda yetu ni moja, na ni kweli. Lakini tazama yanayofanyika baada ya kutoka makaburini. Nimeona, katika mitaa yetu wenyewe, mayatima wakikopeshewa ng'ombe wa hitima, na mjane akiuza bangili zake ili watu wasije wakasema matanga ya mumewe yalikuwa makavu. Tumeliacha sanduku la mbao tukajitengenezea la pilau. Fahari tuliyoikataa kwa maiti tumewabebesha walio hai, na deni lake huoza polepole kuliko mbao yoyote.

Wala sitaki liwani atoe amri ya kukataza masinia. Yaliyompata Joseph yatosha kuwa funzo. Ninalolitaka ni dogo zaidi na ni gumu zaidi: mwenye uwezo ndiye atangulie. Tajiri wa mtaa aandike wasia kwamba siku yake ikifika asichinjiwe mnyama kwa ajili ya macho ya watu, na thamani yake wapewe mayatima. Wakiwa watatu wanne wa namna hiyo, maskini atakayefuata hataona haya. Mola atujaalie mwisho mwema, na awape wafiwa wetu watu wa kuwasaidia kubeba, si wa kuwahesabia sahani.